Naomba ushauri wa fantasi ya besiboli: nimtoe Nick Kurtz nimpate Tarik Skubal? Warushaji wangu wote wagonjwa

ShiftiYaUsiku
Wakuu, habari za wakati huu. Niko Grand Rapids, Michigan, mwaka wa tano sasa. Kuna jambo linaninyima usingizi na huku sina wa kuongea naye. Nyumbani nikitaja besiboli tu, mke wangu anaongeza sauti ya TV.

Kazini tuna ligi ya fantasi ya besiboli, unapanga wachezaji halisi kwenye simu na takwimu zao uwanjani ndizo pointi zako. Tuko 12, kila mtu katoa dola 200. Siyo ile ya kuchagua upya kila mwaka kama mliyozoea ya Ligi Kuu ya Uingereza. Hapa mchezaji unabaki naye msimu hadi msimu, ukikosea leo utalia miaka mitano. Wapigaji nilionao ni moto. Nina Nick Kurtz wa Athletics, Chipukizi Bora wa American League 2025 (moja ya ligi mbili kubwa za huku), miaka 22, mipira 36 aliyopiga nje ya uzio. Nina Roman Anthony wa Boston. Balaa liko kwa warushaji. Gerrit Cole alipasuliwa kiwiko Machi 2025, msimu mzima hakurusha hata mpira mmoja. Corbin Burnes kiwiko hichohicho, Juni. Hao ndio niliowategemea, nikamaliza wa tisa.

Sasa kuna mwenzangu ana Skubal, mrushaji wa Detroit Tigers, aliyebeba tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, 2024 akaibeba tena 2025. Anataka Kurtz NA Anthony. Nimpe? Jibu nalihitaji kabla ya Jumatatu.

FundiWaLansing
Usimpe. Nitakueleza kwa nini, na naandika hili kwa uchungu kwa sababu naishi mji alikokulia kijana aliyewahi kutolewa hivyohivyo.

Agosti 1987 Tigers walikuwa na shida kama yako, wapigaji wapo, mrushaji hakuna. Wakamchukua Doyle Alexander kutoka Atlanta, mzee wa miaka 36. Akaja akashinda michezo 9 bila kupoteza hata mmoja, Tigers wakachukua ubingwa wa kanda yao siku ya mwisho ya msimu. Waliomleta walionekana miungu. Kisha wakatolewa na Minnesota kwenye mtoano, na miaka miwili baadaye Alexander akapoteza michezo 18 kwa msimu mmoja. Kijana waliyemtoa alikuwa mtoto wa hapahapa Lansing, shabiki wa Tigers tangu utoto, miaka 20. Jina lake John Smoltz. Akaenda kushinda michezo 213 na kuokoa 154 (kuingia mwishoni kulinda ushindi), na 2015 akaingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli. Jirani yangu mzee, fundi wa magari mstaafu, mpaka leo ukitaja Smoltz anaweka kikombe chini na kunyamaza.

Kurtz wako ana miaka 22. Skubal ana 29, na mkono wake wa kushoto umeshafunguliwa mara mbili: kiwiko 2016 akiwa chuo kikuu Seattle, halafu kano za mkono Agosti 2022.

DamuYaJangwani
Mimi besiboli siijui ila mambo ya usajili nayajua. 2023 sisi Yanga tulimwachia mfungaji wetu Mayele akaenda Pyramids ya Misri. Tukaambiwa biashara ni biashara. 2025 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na jezi yao, nikaangalia fainali nikiwa na furaha kwa ajili yake na donge kooni. Mfungaji hauzwi, mkuu. Kipa utampata popote.

ShiftiYaUsiku
@DamuYaJangwani mrushaji siyo kipa. Mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu, mpira hauanzi mpaka autoe mkononi. Kipa wa besiboli labda umwite mdakaji.

@FundiWaLansing nakuelewa, lakini Skubal siyo mzee wa miaka 36. Msimu wa 2025 aliruhusu pointi 2.21 kwa kila ngwe tisa (mchezo mmoja kamili), akatoa wapigaji 241 kwa straiki, yaani wameshindwa kuupiga mpira. Na ile usiku ya tarehe 10 Oktoba, mchezo wa tano wa mtoano na Seattle, nilikaa sebuleni taa zimezimwa nisiwaamshe watoto. Aliwatoa 13 katika ngwe sita. Karushishwa karibu mipira 100, na bado mwishoni alikuwa na kasi. Akatoka uwanjani, mchezo ukaenda mpaka ngwe ya 15, Tigers wakafa 3–2. Sijawahi kuumia hivyo kwa timu isiyo ya kwetu. Kwa hiyo nikisema namtaka, siyo namba tu.

MzeeMakini
Vijana, dola 200 mara watu 12 ni 2,400. Huo ni mchezo wa kamari, tuache kuupaka rangi. Nilikuwa na mpwa wangu Mwanza alianza na mikeka ya shilingi 500. Leo bodaboda imeuzwa. Ushauri wangu, toka kwenye ligi hiyo, hela yako irudishe, peleka kwa mama yako kijijini.

MnubiWaBombo
Nafurahi kuona besiboli humu! Huku Uganda tuna historia nayo, watu hawajui tu. Timu ya watoto wa Lugazi 2012 ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Mwaka mmoja kabla, watoto wengine wa Uganda walikuwa wameshafuzu, wakanyimwa viza. Wa 2012 walipofika wakaifunga timu ya Oregon 3–2. Na 2022 Dodgers, timu ya Los Angeles, wakasajili vijana wetu wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Hata Dar mna uwanja pale Azania, waliosaidia kuujenga ni Wajapani. Mleta uzi, ukirudi nyumbani leta glavu za zamani. Za mkono wa kushoto hazipatikani kabisa.

MamaTumaini
Mimi naona hakuna aliyeuliza la maana. Kwa nini kabla ya Jumatatu? Msimu unaanza mwishoni mwa Machi. Na huyo "mwenzako" ni nani?

ShiftiYaUsiku
Ni mtu wa kazini tu, dada. Jumatatu kwa sababu anataka kupanga timu yake mapema.

MamaTumaini
Mtu wa kazini yupi? Sitoki hapa.

ShiftiYaUsiku
Sawa. Ni supavaiza wangu.

Nianze mwanzo. Niko shifti ya usiku tangu nimeajiriwa. Naingia saa nne, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwanangu wa kwanza ana miaka saba, tunaonana mlangoni. Yeye anavaa buti za theluji, mimi nazivua. Februari nafasi moja ya mchana inafunguka. Supavaiza alinikuta chumba cha mapumziko nikipasha wali, akaniambia, "Kurtz na Anthony kwa Skubal, fikiria." Halafu akasimama kidogo akasema, "Na ile nafasi ya mchana nakukumbuka." Basi. Hakusema nipe nikupe. Ni mambo mawili tofauti aliyoyasema siku moja, watu msianze.

DamuYaJangwani
Mkuu, hapo ndipo uzi ulipoanza. Kule juu kote tulikuwa tunapasha misuli.

FundiWaLansing
Dah. Sasa nimeelewa kwa nini mtu anayejua besiboli kama wewe anauliza swali ambalo jibu lake unalo. Kwenye ligi ya kubaki na wachezaji, Kurtz peke yake ni bei ya Skubal. Ukiongeza Anthony umelipia kitu kingine. Wenzako kumi wataliona hilo ndani ya dakika moja.

MzeeMakini
Nilisema kamari. Sasa imezaa rushwa. Mtoto hafanani na jirani.

ShiftiYaUsiku
Rushwa ni neno zito, mzee. Sijatoa senti. Ni wachezaji wa kwenye simu! Na nafasi ya mchana nastahili, miaka minne sijawahi kuchelewa. Ninyi mliolala na watoto wenu jana usiku ni rahisi kunihukumu.

MpeleleziWaTandale
Samahani wadau, mimi hii naiona ni chai, tena ya maziwa. Nimekaa paleee natazama saa. Posti ya kwanza imeingia saa moja asubuhi ya Jumamosi huku Dar. Michigan wakati wa baridi iko nyuma kwa saa nane, kwa hiyo kwenu ilikuwa saa tano usiku. Unasema unaingia kazini saa nne. Umeandika aya tatu na takwimu juu, ukiwa kwenye mashine? Halafu mwaka wa tano huko, miaka minne kazini, supavaiza Mzungu anabembeleza wachezaji wa kwenye simu kwa nafasi ya kazi? Tunga nyingine.

DamuYaJangwani
Haa! Saa zimeongea. Mleta uzi njoo huku.

MnubiWaBombo
Mimi niliandika historia yote ile kwa chai? 😔 Ila glavu bado tunahitaji.

ShiftiYaUsiku
Sikumwita Mzungu, hilo umeliweka wewe. Na ilikuwa Ijumaa. Shifti yetu ni Jumapili usiku hadi Alhamisi usiku, Ijumaa niko nyumbani. Nilikuwa jikoni, wote wamelala. Mwaka wa kwanza nilisoma Kiingereza na kubeba mizigo ghala la matunda, ndiyo maana miaka minne.

Unataka uthibitisho? Nitakueleza kitu ambacho mtu wa kutunga asingekiweka kwa sababu kinanichafua. Karatasi ya kuombea nafasi ya mchana imebandikwa kwenye mlango wa friji pale chumba cha mapumziko, kwa sumaku yenye umbo la tufaha. Utaratibu ni anayetangulia kuajiriwa anatangulia kupata. Jina la kwanza pale siyo langu. Ni mama mmoja Mkongo, ana miaka sita kazini. Usiku huwa ananikatia nusu ya chapati yake kabla sijaomba, anaifunika na leso yenye maua ya bluu isipoe. Na mkono nilishampa supavaiza Alhamisi. Nilisema ndiyo. Jumatatu ni siku ya kubonyeza tu kwenye programu.

MamaTumaini
Asante kwa kusema. Nimekaa na simu mkononi kwa muda kabla ya kuandika. Kwa hiyo ulipouliza "nimpe?" ulishampa.

Mwana_Bukavu
Ndugu, mimi pia niko Grand Rapids, niko Mkongo. Sitauliza ni kiwanda kipi, wala ni mama yupi, lakini kwenye kanisa yetu kuna wamama wengi wa shifti ya usiku, na karibu kila mmoja ana leso. Mama yangu alifanya usiku miaka saba. Alikuwa analala na viatu, kusudi asichelewe. Siku alipopata mchana alipika sombe ya watu ishirini. Huyo mama wa chapati, nyumbani kwake pia kuna mutoto anavaa buti asubuhi. Ulishamuuliza?

ShiftiYaUsiku
Sijamuuliza. Ana wajukuu anaowalea, hilo najua. Lakini kama mkubwa ameamua, mimi nifanye nini? Nikikataa naye akanichukia, nitakosa nafasi na amani pia.

MpeleleziWaTandale
Nafuta neno chai. Sumaku ya tufaha imenimaliza. Naomba radhi.

FundiWaLansing
Sikiliza, nikupe njia ya besiboli kwa sababu hiyo naijua. Ligi yenu bila shaka ina sheria ya kupigia kura mabadilishano. Kabla ya Jumatatu, liweke kwenye grupu la wote 12: "Nimepewa ofa hii, naona siyo sawa kwa timu yangu, najitoa." Usitaje shifti. Atakuwa amekataliwa mbele ya watu kwa sababu ya Kurtz, siyo kwa sababu yake, na hiyo inampa pa kupitia. Mkono uliotoa ulikuwa wa Kurtz. Wa nafasi ya kazi, kwa maneno yako mwenyewe, hakusema nipe nikupe. Basi mshikilie hapohapo.

MzeeMakini
Na zile 200 arudishiwe.

MamaTumaini
Mzee tafadhali.

ShiftiYaUsiku
Wakuu, mrejesho. Nimeandika kwenye grupu leo Jumapili saa nane mchana. Nimesema Kurtz haendi, nikasema Anthony naweza kumzungumza kwa mrushaji mmoja mzima asiye na bandeji. Wawili wamecheka, mmoja kaniuliza kama nilikuwa nimelewa kufikiria ofa ile. Supavaiza kasoma. Hajajibu.

Ila karatasi ya friji sijaliondoa jina langu. Liko la tatu, na mimi pia ni mzazi. Kama nafasi itafika kwa haki nitaichukua.

Mwana_Bukavu
La tatu ni sawa. Nani wa pili?

ShiftiYaUsiku
Kijana mmoja wa Guatemala. Naye nitamwambia leo usiku, na yule mama nitamwambia yote, pamoja na ile ya mkono. Naogopa zaidi hiyo kuliko supavaiza. Naingia saa nne.

FundiWaLansing
Kwa mrushaji, muulize mwenye Cole Ragans wa Kansas City. Mkono wa kushoto, 2024 alitoa wapigaji 223. Msimu wa 2025 bega lilimsumbua akaanza michezo 13 tu, kwa hiyo mwenye naye atakuwa na hasira naye na bei itakuwa chini. Mwombe yeye pamoja na mrushaji mwingine wa kawaida. Gerrit Cole wako usimwachie kwa bei ya hasara, msubiri. Na usikubali chochote kabla hujaona wanarusha kwenye mazoezi ya Machi.