Pacha wanaosikiana mawazo: nifanyeje ili hadithi isiishe mapema?

Mshonahadithi: Ndugu zangu, ninaandika riwaya ya vijana ambamo Doto, msichana wa miaka 16, anapotea nyikani karibu na Ziwa Eyasi wakati wa kiangazi, ilhali pacha wake Kurwa, aliyebaki Mang'ola kwenye shamba la vitunguu la wazazi wao, anayasikia mawazo yake. Taabu yangu ni kwamba Kurwa anaweza kuwaambia wazee mahali mwenzake alipo, na hadithi ikaisha katika sura ya pili. Nikiondoa kusikiana huko, ninabaki na msichana anayetembea porini tu. Mnanishauri nini?

Bi Kalamu: Mwanangu, usikiondoe kipaji hicho, kipunguze. Kurwa asisikie maneno wala asione mahali, bali apokee yanayoupata mwili: kiu, nyayo kuungua, baridi ya alfajiri. Anayehisi kiu ya mwenzake hajui yuko upande gani wa ziwa. Atakunywa mtungi mzima na kiu isimtoke, na hapo msomaji atamhurumia yeye kuliko hata aliyepotea. Jihadhari tu asigeuke mganga, maana wasomaji wetu ni wepesi wa kuona mizimu.

Mzee wa Karatu: Naongeza la nyikani. Maji ya Eyasi ni ya chumvi, kwa hiyo Doto akiyakimbilia akidhani ameokoka, atakuwa amepoteza siku nzima. Mpe ndege mlembe. Huyu huwaita watu, akaruka toka mti huu hadi ule mpaka penye nyuki, kwa sababu watu wakishatia moshi na kurina asali, yeye hupata nta na mabuu. Wahadzabe humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao wenye mguno mwishoni, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa anayeutoa huongozwa na ndege kwa asilimia 66, dhidi ya asilimia 33 kwa sauti nyingine.

Mshonahadithi: Shikamoo mzee, nashukuru. Lakini Doto hajui mluzi huo, na mlembe humpeleka mtu kwenye asali, si nyumbani.

Bi Kalamu: Kurwa aujue, kwa kuwa amekua akicheza na watoto wa Kihadzabe. Mluzi ni kazi ya midomo na pumzi, si ya maneno, kwa hiyo unapita katika njia ileile inayopitisha kiu. Doto ajikute midomo yake inajikunja bila yeye kuiamuru.

Mzee wa Karatu: Marahaba. Hilo la nyumbani lisikusumbue. Wahadzabe hupigilia vigingi vya mti kwenye shina la mbuyu ili wapande kurina. Mlembe akimfikisha Doto kwenye mbuyu wa namna hiyo, aviguse vile vigingi: kikiwamo kilicho bado kibichi, waliokipigilia hawako mbali.