Mjadala: mtoto wa kiume atahiriwe akiwa mchanga, au asubiri akue?

Mleta mada (Kigoma mjini)

Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume siku nne zilizopita, na kitovu hakijadondoka bado, lakini wazee wameshakaa kikao. Mama mkwe, mzaliwa wa Ujiji, anataka mtoto atahiriwe siku ya saba pamoja na akika, yaani kuchinja mnyama kwa ajili ya mtoto, kama walivyofanyiwa wajomba zake wote, na fundi wa kuja nyumbani ameshatajwa. Baba yangu, Muha wa Kasulu aliyekulia mahali ambapo jando halikuwa desturi, anauliza kwa upole kuna haraka gani. Ninawaheshimu wote wawili, na ndiyo maana ninaomba tujadiliane hapa kabla sijatamka neno la mwisho nyumbani kwangu.

Msimamo wangu ni kwamba tunachanganya sababu, wakati kila sababu ina umri wake. Mimi mwenyewe nilitahiriwa nikiwa na miaka 23, kabla sijasilimu, katika kampeni iliyoletwa mikoa kama Kigoma na Tabora ambako tohara haikuwa imeenea. Kampeni hizo zilitokana na pendekezo la Shirika la Afya Duniani na UNAIDS (mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI) la mwaka 2007, baada ya majaribio ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda) kuonyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Nilielezwa, nikapimwa, nikatia saini, nikachomwa ganzi, nikaambiwa nisikutane na mwanamke kwa wiki 6. Kinga hiyo ilinifaa kwa sababu nilikuwa mtu mzima. Mwanangu ana miaka zaidi ya kumi kabla haijamhusu, kwa hiyo anayeniambia nimkate wiki hii “kwa ajili ya UKIMWI” hajanishawishi hata kidogo.

Faida inayomhusu mtoto mchanga mwenyewe ni kupungua kwa maambukizi ya njia ya mkojo, hasa katika mwaka wa kwanza, ingawa hata miongoni mwa wasiotahiriwa huwapata takriban mtoto 1 kati ya 100, na dawa zake zipo. Madaktari wenyewe hawajakubaliana: chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2012 kwamba faida zinazidi hatari, lakini si kwa kiasi cha kupendekeza watoto wote watahiriwe, na kikawaachia wazazi waamue, ilhali chama cha madaktari cha Uholanzi kilikuwa kimeshasema mwaka 2010 kwamba mtoto asiye na ugonjwa asikatwe mpaka aweze kuamua mwenyewe.

Inabaki dini, na hapa mama mkwe ana haki kabisa, kwa kuwa yeye hajifichi nyuma ya takwimu. Mwanangu ni Mwislamu na atatahiriwa. Hata hivyo, katika madhehebu yetu ya Shafii siku ya saba inapendekezwa tu, na wajibu wenyewe humfika mtu anapobalehe, tena mtoto dhaifu huachwa mpaka apate nguvu. Kwa nini basi nisisubiri hadi aweze kuelezwa anachofanyiwa?

Mchangiaji (Ujiji)

Hongera kwa mtoto, baba. Mimi ni mama wa wavulana wanne. Wawili walitahiriwa hospitalini wakiwa na wiki mbili, na wawili wakiwa na miaka minane, kwa sababu ya hali ya maisha wakati ule. Wale wachanga hawakushonwa; kidonda kilikauka siku ya nane nami nikiendelea kuwanyonyesha kama kawaida. Wale wakubwa walishonwa, wakawa wanatembea wameshika kanga kwa mbele isiguse kidonda, na mmoja wao hadi leo akimwona mtu aliyevaa koti jeupe anarudi nyuma. Unataka mtoto aelezwe na aulizwe, nakuelewa, lakini mtoto wa miaka minane akiulizwa, wenzake wa madrasa wameshajibu kwa niaba yake kwa kumcheka. Je, hiyo ni hiari?

Mleta mada

Shikamoo, mama. Hoja ya wenzake wa madrasa imenigusa, na nakiri kwamba nilikuwa nimeihesabu hiari ya mtoto mdogo kuwa kubwa kuliko ilivyo. Siwezi tena kusema kwamba kusubiri kunamlinda mtoto kwa kila hali.

Lakini kuna jambo moja sitalegeza. Mtoto wa dada yangu alipelekwa kituo cha afya kutahiriwa akiwa na wiki tatu. Muuguzi alimfunua nepi, akamgeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha kwamba tundu la mkojo halikuwa kwenye ncha bali kwa chini. Akamfunga tena nepi na kusema haguswi, kwa sababu ngozi hiyo hiyo ndiyo ambayo daktari wa upasuaji huitumia kurekebisha njia ya mkojo. Hali hiyo huwapata takriban wavulana 1 kati ya 200 hadi 300, nasi hatukuwa tumeiona. Ngozi hiyo ikishatupwa hairudi. Fundi wa nyumbani pia haulizi kama mtoto alizaliwa njiti, kama ana manjano, au kama katika ukoo wapo watu ambao damu yao haigandi.

Kwa hiyo nimerudi kwa mama mkwe jana usiku, na tumekubaliana. Fundi hatakuja. Mtoto atakaguliwa hospitalini akifika wiki ya pili, na akionekana mzima atatahiriwa hukohuko, kwa ganzi. Siku ya saba tutachinja, tutamnyoa nywele na kumpa jina, na wembe utaishia kichwani.