Tupeane uzoefu: onyesho gani la kwenye tamasha la makasia limekubaki kichwani?

Binti Mkokotoni (mleta mada)
Assalaam aleikum jamani. Kwetu Mkokotoni, Unguja, ila naishi Liverpool. Mwisho wa wiki nilikuwa Anglesey, kile kisiwa cha Wales, kwenye tamasha la watu wa kayaki za baharini, vile vyombo vyembamba vya kupigwa kafi. Siku 2 za mahema, chai na mvua ya kutosha. Mchana maonyesho majini, jioni mihadhara.

Mhadhara ulionishika ni wa kujaa na kupwa. Mama mmoja wa makamo, soksi chepechepe, kachora ubaoni hesabu yao ya kumi na mbili. Maji hujaa kwa saa kama 6: saa ya kwanza hupanda sehemu 1 kati ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya mwisho 1. Yaani nusu ya maji yote hupita katika zile saa 2 za katikati, na ndipo mkondo wa South Stack, huko huko Anglesey, unapochemka. Nikawa nacheka peke yangu kule nyuma. Babu yangu hakuwa na ubao, lakini saa hizo alikuwa hatuachii kuvuka kwenda Tumbatu hata tungelia.

Akauliza nani anajua kwa nini maji ya siku zile makubwa. Nikanyoosha mkono: "Bamvua! Mwezi mpevu juzi." Limenitoka kwa Kiswahili. Akaniomba nirudie, akaliandika ubaoni. Nikamwongezea na maji mafu, yale ya kujaa na kupwa kidogo. Wallahi nilivimba kichwa.

Kiburi kilinitoka kesho yake, zamu ya kuokoana. Unajipindua kwa makusudi, mwenzio anavutia omo, yaani pua ya mbele, ya kayaki yako juu ya yake mpaka ikae kama msalaba, maji yanamwagika, anaigeuza, wewe unapanda katikati ya vyombo viwili. Ufukweni unaona kazi ya watoto. Sasa maji yenyewe nyuzi 10! Nilipozama kifua kikabana, nahema kama mbwa, hata jina langu singeweza kulitaja. Walikuwa wametuambia 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 kabla mikono haijagoma, saa 1 kabla hujapoteza fahamu. Nilidhani wanatutisha. Dakika ya tatu vidole haviwezi kushika hata mkanda wa jaketi la kuokolea. Nilipopandishwa, maji ndani ya kayaki yamenifika magotini na pampu ya mkono ya kuyatolea imekwama.

Haya, leteni ya kwenu.

Mto Hauna Adabu
Niko Nairobi, ila yangu ni ya Jinja. Nile ni maji ya joto, kwa hivyo dada, hiyo baridi yako sijui kitu. Sisi tulifundishwa kamba ya kurusha, ile ya mita 20 inakaa ndani ya kimfuko. Kwanza unaita kwa nguvu mtu akuangalie, halafu unarusha ipite kichwa chake, imwangukie kifuani. Mimi nikajitolea kuwa wa kuokolewa. Kamba ikafika vizuri kabisa, nikaishika nikiiangalia kama mtu anavuta ng'ombe. Mto wote ukaingia mdomoni! Kumbe unalala chali, kamba inapita begani, uso unaangalia kwenye maji yanakoenda. Na usiizungushe mkononi hata siku moja. Na usijaribu kusimama, mguu ukinaswa kwenye mawe maji yanakulaza kifudifudi.

Jioni mzee mmoja Msoga akaongea juu ya maporomoko ya Bujagali, yaliyozama bwawa lilipojengwa, umeme ukaanza 2012. Alitaja mawe moja moja, kama mtu anataja majirani waliohama. Hakuna aliyegusa simu.

Mtu wa Bukavu
Jambo bandugu. Mimi niko Ontario, Canada. Huku tamasha ni la mitumbwi ya wazi, na onyesho walilosifu sana ni pigo la herufi J. Mtu anapiga kafi upande mmoja tu, mwisho wa pigo anaigeuza na kuisukuma nje kidogo, mtumbwi unaenda sawa bila kuzunguka. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasema moyoni, huyu hajaona watoto wa Kivu.

Wakauliza nani ana la kuonyesha. Nikawaeleza wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu: mitumbwi 3 inafungwa pamoja, miti mirefu imetokeza mbele na nyuma ya kushikia nyavu, jioni wanatoka wanapiga kafi kwa wimbo. Wakaniomba niimbe. Nikaimba, sauti mbaya kabisa, nao wakapiga kafi kwa kunifuata. Kwa beti 2 hivi tulikuwa pamoja, halafu wa nyuma wakacheka, mpango ukavunjika.

Sijui Kuogelea
Mimi nililala kwenye mhadhara wa jaketi. Nilipoamka walikuwa wanaziuza.

Mzee wa Tengo
Wanangu, mimi nipo Tanga, nimevua miaka 40. Kuna tamasha moja waliniita nionyeshe ngalawa. Nikaanza na matengo, yale mabawa ya kuizuia isilale. Nilikuwa sijafika kwenye tanga, kijana wa spika kaninyang'anya kipaza sauti, bendi imefika. Posho ya nauli naingoja mpaka leo. Waandaaji mliomo humu, ukimwita mtu mzima, muache amalize.

Binti Mkokotoni, hiyo pampu yako umenichekesha. Chombo kikiingia maji unayafua kwa upo, kile kikatio cha kuchotea maji, na upo haukwami. Ufunge kwa kamba, lakini. Ukikuponyoka kwenye mawimbi unabaki kufua kwa viganja.

Binti Mkokotoni (mleta mada)
Shikamoo babu. Nimesikia, nitafunga kamba. Na upo wako wewe ni wa mti gani? Nataka nichongeshe huku.

Mzee wa Tengo
Marahaba mjukuu wangu. Wa mti waliuiba. Sasa hivi ni dumu la mafuta ya kula la lita 5, nimelikata kwa kisu mshazari, mpini nimeuacha.