DJ wa muvi za kutafsiriwa, unaongeaje kwenye muvi ambayo anayeongea anakufa?

Kambale Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kuzima TV sasa hivi na mikono bado inatetemeka kwa hasira, mkiona herufi zimeruka mjue sababu.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule yule anayeanza kila muvi kwa kikohozi, kisha anatoa salamu kwa mtaa mzima kabla hata mtu wa kwanza hajatokea kwenye kioo. Yule ambaye kwake kila mzungu ni "bwana mkubwa" na kila mwanamke ni mama fulani. Huyo huyo.

Safari hii kaishika A Quiet Place, ile ya 2018 ya John Krasinski. Kwa ambaye hajaiona: kuna madude yamevamia dunia, hayaoni kabisa, yana masikio tu. Ukidondosha kijiko umekwisha. Familia inatembea peku, njiani wamemwaga mchanga ili nyayo zisisikike, wanaongea kwa ishara, maana binti yao ni kiziwi, na hata aliyeigiza, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli. Maneno ya mdomo humo ni ya kuokoteza. Zikija zamu za yule binti, sauti inakatwa kabisa ili na wewe usisikie kama yeye asivyosikia. Ndiyo muvi yenyewe hiyo! Umekaa unasubiri mlio, na hutaki uje.

Sasa muvi ambayo mtu akipiga chafya anakufa, yeye KAONGEA DAKIKA 90. Hakupumua. Yale madude yangekuwa ya kweli yangeachana na ile familia, yakapanda ndege hadi Dar kumfuata studio.

Nifike kwenye lenyewe. Mama ni mjamzito, ndiye Emily Blunt. Uchungu umemshika, yuko peke yake, na dude limeingia ndani. Kwenye ngazi kakanyaga msumari, umezama unyayoni, na hakuthubutu kulia. Kajikokota hadi bafuni, kaingia kwenye sinki la kuogea, dude linamfuata. Mtoto anataka kutoka. Mama hawezi hata kuguna. Ukelele wote umemjaa usoni na hauna pa kutokea. Mimi nimezima taa zote, sabufa nimeitegea vizuri, bi mkubwa pembeni yangu kakumbatia mto.

Jamaa: "SUKUMA MAMA JUMAAA! SUKUMA, KICHWA HICHO!"

Mama Juma. Nani kamwambia mtoto anaitwa Juma?

Na hakuishia hapo. Dude liko pale pale, mate yananikauka, yeye anasoma salamu za mwenye duka la nondo na mabati. Wakuu, NONDO NA MABATI. Mwanamke yuko kwenye sinki, msumari umemtoboa, kifo kinapumua karibu yake, mimi naambiwa bati la geji 30 limeshuka bei.

Bi mkubwa akacheka. Mama yangu mzazi, kakulia Lushoto, siku hiyo mwenyewe kaniambia "mwanangu, nitafutie ya kutisha kweli". Akacheka mpaka akakohoa, akauliza, "Wa kike au wa kiume?" Akaenda zake kulala.

Baya kuliko yote mlisikie. Kijana wao kule nje anawasha fataki, ili mama apate kupiga ukelele ndani ya mlio wa zile fataki. Ndipo pekee anapopata nafasi ya kulia kwa sauti. Mnajua mtafsiri wetu alifanya nini hapo? ALINYAMAZA. Alikwenda kunywa maji. Nimeisikia glasi ikigonga meza! Alinyamaza penye kelele, akapiga kelele penye kimya.

Woga unakaa kabla dude halijatokea. Spielberg alitengenezewa papa wa mitambo kwa ajili ya Jaws, ile ya 1975, maji ya chumvi yakawa yanamharibu kila mara, ikabidi amfiche. Zaidi ya saa nzima inapita ndipo unamwona papa sawasawa, na watu waliogopa kuoga baharini. The Blair Witch Project ya 1999, mchawi haonyeshwi hata kidole, mwanzo mwisho. Angepewa jamaa hiyo, angesema "huyo hapo nyuma ya mti, kavaa kaniki".

Muvi za ngumi aongee mpaka alfajiri, sina neno. Za kutisha AACHE. Sukuma mama Juma! Na wewe mwenye kibanda uliyeniwekea kwenye flashi ukaniambia "hii kaitendea haki", tutaonana kesho asubuhi.

Siti ya Dirishani

Nimekaa paleee na karanga zangu.

Mjukuu wa Chifu

"KICHWA HICHO" 😂😂😂 nimecheka hadi mtoto kaamka. Wakuu, nani anayo hii muvi? Mwenye nayo anirushie.

Chapati Moja

Na mimi naiomba. Orijino niliiona, nikasinzia. Kumbe kuna yenye mama Juma?

Kambale Mkavu

Mnacheka. Nimeleta malalamiko, nyie mnaulizana inapatikana wapi?

Fundi Sabufa

Mkuu, shusha povu. Ukitaka kimya, angalia orijino. Muvi ya kutafsiriwa unaichukua ya nini kama hutaki kutafsiriwa?

Kambale Mkavu

Bi mkubwa anajua Kisambaa na Kiswahili. Yale maandishi ya chini yanapita mbio, macho yake hayawezi. Kwa hiyo mtu asiyejua Kiingereza hana haki ya kuogopa? Atafsiri PANAPOONGEWA. Wakiongea kwa ishara atuambie wamesema nini, kwa sauti ya chini, basi, anyamaze. Kutafsiri siyo kujaza. Mwanamke kwenye sinki hakusema neno, yeye kalitoa wapi "sukuma"?

Mlezi wa Mapacha

Naomba niseme kama mtu aliyezaa. Hiyo sehemu iliharibika kabla ya DJ. Kujifungua bila kuguna? Mimi siku yangu nilisikika hadi kituo cha daladala. Huyo DJ ndiye pekee humo ndani aliyesema kitu cha maana. Tena nesi wangu hakuniambia hata "sukuma", alikuwa anachati.

Chapati Moja

Alikuwa anachati?!

Mlezi wa Mapacha

Anachati na anacheka. Nitakuja kuufungulia uzi wake.

Mti Mkavu

Kwanza hiyo siyo muvi ya kutisha. Ya kutisha ni damu. Utumbo nje, msumeno, mtu anakimbia kwa mguu mmoja. Haya mambo ya kutembea peku kwenye mchanga, Coco Beach watu wanafanya kila Jumapili.

Kambale Mkavu

Damu inachefua, haitishi. Ile damu ya Psycho, ya 1960, ilikuwa sharubati ya chokoleti, na muvi yenyewe haina rangi, na mpaka leo watu wanapiga pazia la bafu jicho. Kilichowatisha ni chokoleti?

Mzee wa Mikanda

Umejifunga mwenyewe, mleta uzi. Kwenye hiyo hiyo Psycho, Hitchcock alitaka sehemu ya bafuni ipite bila muziki kabisa. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaweka zile fidla zinazopiga mayowe, Hitchcock akasikiliza, akakubali alikosea. Kimya kilishindwa na kelele. Zima sauti ya muvi yoyote ya kutisha uone, inageuka vichekesho.

Kambale Mkavu

FIDLA! Herrmann aliweka fidla. Hakuweka nondo na mabati!!! Mlio wa Herrmann unaingia pamoja na kisu, unamkata mtu naye anasikia anakatwa. Huyu wetu kisu kikiingia anamsalimia shemeji yake wa Mbagala.

Mzee wa Mikanda

Hapo nakuunga mkono nusu. Sisi tumekua na mikanda ya VHS ya Lufufu, na yeye alianzia vibandani, anatafsiri mubashara mbele ya watu. Ukiwa na watu mbele yako unaona nani kaziba macho, unajua pa kutulia. Hawa wa sasa wamejifungia chumbani na maiki, wanaongea na ukuta.

Otis wa Kayole

Sisi huku Nairobi DJ ndiye muvi. Bila DJ hiyo ni familia imenuniana tu saa moja na nusu. Mwambie mama asante, ameelewa sinema.

Mpemba Halisi

Nyinyi wa bara mwanchekesha. Mwaota madude ya Marekani. Mwaka 1995 Popobawa, jini la usiku, alipotoka kwetu Pemba akavuka Unguja, watu walilala nje, mtaa mzima, wazee kwa watoto, moto umewashwa, hakuna aliyethubutu kulala chumbani peke yake. Hapakuwa na sabufa wala DJ. Mie nlikuwa mdogo, nlikuwa nawasikiza wakubwa wakinyamaza. Mzee akinyamaza katikati ya maneno akatazama juu ya paa, wallahi hakuna sinema ya hivyo.

Kambale Mkavu

HUYU! Huyu kanielewa! "Nlikuwa nawasikiza wakubwa wakinyamaza." Someni tena. Sasa chukueni usiku ule, mzee kanyamaza, kaangalia paa, halafu pembeni mtu anapayuka "PAA HILO, BATI LA GEJI 30!" Mngeogopa?

Mti Mkavu

Ningeuliza bei.

Mjukuu wa Chifu

😂😂😂 Jamani, na mwenye duka kapata tangazo la bure humu. Nina banda naezeka, liko wapi hilo duka?

Binti Sayari

Mimi anayeniudhi siyo DJ, ni mume wangu. Kila muvi ya kutisha tayari kaitazama kazini. Dude likikaribia anakugusa bega, "sasa hivi, sasa hivi, shika moyo". Ringu ile ya Kijapani ya 1998, yule binti anatoka kwenye TV nywele zimefunika uso, tumbo langu limegeuka barafu, mume wangu ananiambia, "Hapo walimrekodi anatembea kinyumenyume, wakaigeuza." Nani kakuuliza, baba Salma?

Chapati Moja

Kumbe ndiyo maana anatembea vile!

Binti Sayari

Ndiyo maana. Na wewe sasa haitakutisha tena. Karibu kwenye ndoa yangu.

Abiria wa Mwisho

Nyote mko majumbani kwenu, rimoti mkononi. Nisikilizeni mimi. Tangu 2023 waliporuhusu tena mabasi kutembea usiku, napanda la Mbeya la jioni. Juzi konda kaweka muvi ya mtu anakata watu kwa msumeno, sauti juu, siti ya nyuma yangu kuna mtoto wa chekechea analia, bibi anasoma dua. Tunaomba abadilishe, anasema rimoti anayo dereva. Tumepita Mikumi, giza la kaburi, nimeona macho ya wanyama yanang'aa kandokando ya barabara. Mbele kidogo dereva anasimamisha gari, vichaka huku na huku, "Haya, dakika tano, kuchimba dawa!" Nani ashuke? Nani?!

Fundi Sabufa

Hahahaha, hakushuka mtu.

Abiria wa Mwisho

Hakushuka mtu! Basi zima limebana hadi Iringa. Kufika pale milango imefunguka watu hawakusubiri hata ngazi.

Mlezi wa Mapacha

Hili la mabasi ni kubwa kuliko la DJ. Mimi walituwekea ya mapepo saa sita usiku, pacha mmoja hadi leo analala na taa.

Kambale Mkavu

Jamani, nawaomba turudi kwenye mada. Mwanamke yuko kwenye sinki. Msumari mguuni. Hawezi kuguna. "SUKUMA MAMA JUMA." Hivi hamlioni?

Otis wa Kayole

Mama Juma alipanda basi gani?

Siti ya Dirishani

La Mbeya. Alibanwa tangu Mikumi, konda akamwambia asukume.

Kambale Mkavu

Mods fungeni uzi.

Mti Mkavu

Usifungwe, ndiyo kwanza unanoga. Tena mimi nina la chipsi za pale wanaposimamisha mabasi. Sahani ndogo, kachumbari nyanya moja, bei ya kuku mzima. Na konda anakula bure na dereva wake, ndiyo maana hawasimami pengine.

Binti Sayari

Baridi pia! Chipsi za jana, zimechovywa tena kwenye mafuta.

Abiria wa Mwisho

Chipsi siyo tatizo, ukila utachimba dawa wapi? Mwenye kujua basi la Mbeya lenye choo anitajie nikate tiketi ya Ijumaa.

Mzee wa Mikanda

Yapo, ila ukifungua mlango unakuta mizigo ya konda imejaa hadi juu.