Wagonjwa wa akili katika tamthilia: mbona hakuna anayerudi nyumbani?

Bint Langoni, Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nyumbani kwetu, baada ya swala ya isha, hukusanyika mbele ya televisheni kutazama tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mwezi uliopita ile tuliyoifuata kwa muda mrefu ilifika mwisho, na yule mwanamke mwovu aliyewadhulumu wenzake tangu sehemu ya kwanza akaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, nywele zimemtimka, amevaa gauni jeupe, anacheka peke yake nyuma ya nondo. Chumba kizima kilifurahi, na shangazi akasema, "Amelipwa." Mdogo wangu, ambaye mwaka jana alilazwa wiki sita katika wadi ya akili huko Mombasa, alikuwa ameketi nasi akimenya machungwa. Aliweka kisu chini taratibu, akajifuta mikono kwa kikoi chake, akapanda darini, na usiku ule hakushuka tena.

Tangu hapo nimetambua kwamba katika hadithi hizi hospitali ya akili ina kazi mbili tu: ama ni jela ya mkosaji, ama ni shimo ambamo mtu mwenye akili zake timamu hutupwa na maadui wanaotaka urithi wake. Mgonjwa hukamatwa na wanaume wawili wenye makoti meupe, akatiwa garini. Sisi wetu tulimvusha kwa boti hadi Mokowe, kisha tukapanda naye basi, mama amemshika mkono njia nzima. Sijaona hata mara moja mtu aliyeingia akiwa mgonjwa, akatibiwa, akarudi kwao. Je, waliofanya kazi huko wanasemaje? Na je, niizime televisheni hii kabisa?

Muuguzi Mstaafu, Malindi

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimewahudumia wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka ishirini, na maneno yako yamenigusa. Wadi ninayoijua mimi ni mahali pa utaratibu, tena siku nyingi ni pa kimya. Asubuhi wagonjwa hupanga foleni ya dawa, kila mmoja na kikombe chake cha maji, na muuguzi huwaomba wafungue kinywa ili ahakikishe kwamba kidonge hakikufichwa chini ya ulimi. Baada ya hapo kuna anayefua nguo, kuna anayelala kwa uzito wa dawa, na kuna wawili waliokazana kwenye bao mpaka chakula cha mchana. Kicheko kile cha televisheni nimekisikia mara chache sana. Nililolisikia kila siku, karibu kutoka kwa kila mtu, ni swali moja: "Watu wa kwetu wanakuja lini?"

Sitaki kuficha mabaya. Mlango wa chuma upo, chumba cha kumtenga mgonjwa kipo, na zipo siku ambazo wagonjwa ni wengi kuliko vitanda, kwa hiyo anayesema kwamba hospitali hizi zina upungufu hasemi uongo.

Linaloniudhi zaidi ni jinsi wanavyoyaonyesha matibabu ya umeme unaopitishwa kichwani. Yalianza Roma mwaka 1938 kwa madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini, na wakati huo mgonjwa hakulazwa usingizi, hivyo mwili ulitikisika kwa nguvu hata pengine mfupa ukavunjika. Filamu ya Marekani ya mwaka 1975, One Flew Over the Cuckoo's Nest, iliyaonyesha kama adhabu ya mtu mkaidi, na picha hiyo bado inarudiwa katika tamthilia moja baada ya nyingine. Siku hizi inavyotakiwa ni mgonjwa apewe nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli kwanza, na umeme wenyewe hupita kwa sekunde chache tu. Hutumiwa zaidi kwa sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, iliyokataa dawa. Baadhi husahau mambo ya karibuni, na hilo ni haki ya mgonjwa na jamaa zake kuelezwa mapema. Nimewahi kuona familia ikimtorosha binti aliyekuwa amekataa kula, kwa sababu tu walisikia neno "umeme" na wakakumbuka walichokitazama.

Mwalimu wa Shela

Nakubaliana na Bi Muuguzi, ila nisingependa tuzilaumu tamthilia zote. Mwaka 2023 Wakorea walitoa Daily Dose of Sunshine, yenye sehemu 12, iliyotokana na katuni za mtandaoni za mtu aliyewahi kuwa muuguzi wa wadi ya akili. Humo muuguzi mwenyewe anaugua, analazwa huku akikataa kwamba anaumwa, anatibiwa, kisha anarudi kazini katika wadi yake ya zamani. Dada, hilo ndilo ulilokuwa ukilitafuta.

Kosa jingine ni la skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao waandishi wengi huufanya kuwa watu wawili ndani ya mwili mmoja, mpole mchana na muuaji usiku. Neno hilo alilitoa daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka na akili, naye alikusudia fikra na hisia zinazoachana, wala hakukusudia nafsi mbili.

Niliyerudi, Malindi

Mimi ni mgonjwa. Katika tamthilia sauti huja na muziki wa kutisha, lakini niliyoisikia mimi ilikuwa sauti ya jirani yetu, ya kawaida kabisa, ikinisengenya nyuma ya ukuta, na ndiyo maana niliiamini. Huonyeshwa pia kwamba sisi ndio wa kuogopwa. Mimi sikumgusa mtu, nami ndiye niliyepigwa mawe. Mama alinipeleka kwa sheikh kusomewa na alinipeleka kliniki vilevile, wala sioni kwamba kimoja kilikizuia kingine. Kisha ikaja sindano ya dawa ya kila mwezi, mikono ikawa inatetemeka, nami nikaacha kwenda barazani kwa sababu kikombe cha kahawa kilikuwa kikinimwagikia mbele za watu. Miezi hiyo hakuna anayeiigiza.

Dada, usiizime televisheni. Mwulize mdogo wako nini kilichomuuma.

Bint Langoni, Lamu

Nimemwuliza. Amesema ni shangazi, si televisheni. Shangazi alikuwa ngazini na amesikia.

Bi Muuguzi, mikono ya mdogo wangu, ambaye naye hudungwa sindano, hutetemeka vilevile. Je, tungoje kliniki ya mwezi ujao?

Muuguzi Mstaafu, Malindi

Msingoje, mwanangu. Mpelekeni wiki hii, kwa kuwa daktari anaweza kupunguza kipimo au kumwongezea dawa ya kutuliza mtetemo. Asiache sindano kwa uamuzi wake mwenyewe.