Mahindi ya saileji: niuze mabichi kwanza nibaki na mabua, au nikate yote?

MfugajiNjombe
Wakuu habarini za majukumu. Naombeni ushauri wa watu wanaofanya hii kazi kwa mikono yao. Niko Njombe, nina ng'ombe 4 wa maziwa chotara wa Friesian, kila mwaka ikifika mwezi wa saba ule umande wa barafu ukishaunguza matete (majani ya tembo) maziwa yanashuka vibaya sana, naanza kuzunguka kuomba mabua makavu kwa watu. Safari hii nimepanda heka 2 za mbegu ya mahindi UH6303 mwishoni mwa Novemba kwa ajili ya saileji (malisho mabichi yaliyokatwakatwa na kufukiwa bila hewa yachachuke) na mahindi yamebeba vizuri. Sasa kuna mnunuzi wa mahindi ya kuchoma kaja anataka shamba zima, na jirani ananiambia uza mahindi, mabua si yatabaki bado ya kijani, kata uyafukie unakula pande zote mbili. Hela naihitaji kweli, ada za watoto ziko mlangoni. Je saileji ya mabua matupu ina tofauti kubwa na ile yenye mahindi yake? Na nikate lini, shimo liwe la ukubwa gani, molasesi (ule uji mtamu wa masalia ya sukari ya miwa) nayo ni lazima?

MamaTukuyu
Mwanangu usiuze shamba zima. Karibu nusu ya uzito mkavu wa mmea uko kwenye hindi lenyewe, na wanga ndo uko humo karibu wote. Mabua matupu ng'ombe atakula na tumbo litajaa ila maziwa hutayaona, itabidi ununue pumba za kufidia na unajua mwezi wa tisa pumba inauzwaje huku kwetu.

Ila ada ni ada, kwa hiyo piga hesabu kwanza ujue unahitaji kiasi gani. Ng'ombe 4 kwa kilo 20 kila mmoja ni kilo 80 kwa siku, kiangazi chetu kihesabu siku 150, hapo ni tani 12, ongeza na ya kuharibika weka tani 14. Heka moja iliyopata samadi na mbolea ya kukuzia kwa wakati inatoa tani 10 mpaka 15 za mmea mzima mbichi. Maana yake heka moja na nusu ikiwa imestawi inakutosha. Muuzie nusu heka ya upande wa barabarani, na mabua ya hiyo nusu uwape ng'ombe mabichi sasa hivi, usiyachanganye shimoni. Kama ulipanda kwa nafasi za kawaida za nafaka sio mbaya, msimu ujao kwa shamba la saileji sogeza mashina, sisi tunaweka sm 75 kwa 20 badala ya 30, ila ukibana hivyo bila kuongeza mbolea utapata mabua membamba yenye vihindi vidogo.

Kulwa_wa_Ngano
Naongezea kwenye muda wa kukata maana hapa ndo wengi wanaharibu. Hayo mahindi yakifaa kuchoma bado hayajafaa saileji!! Yana maji mengi mno, ukiyafukia yanavuja yale maji ya kahawia na chakula chote kinaondoka nayo, na harufu inakuwa mbaya. Subiri majani ya chini yaanze kukauka huku ya juu yakiwa kijani. Halafu vunja hindi katikati uangalie punje, upande wa nje kumeshakuwa kugumu na upande wa gunzi bado kuna maziwa. Mahindi yetu ni meupe, ule mstari unaotenga sehemu ngumu na ya maziwa hauonekani vizuri kwa hiyo tumia kucha, bonyeza kuanzia juu ya punje ukishuka, ukikuta ugumu umefika kama nusu kwenda theluthi mbili basi ita mashine ya kukatakata.

Kipimo kingine, katakata mashina machache, chukua konzi ukamue kwa nguvu kama nusu dakika kisha fungua mkono. Maji yakidondoka ni mapema. Ikisambaratika papo hapo umechelewa. Ikibaki bonge linaloachia polepole na kiganja kimeloa kidogo tu, ndo penyewe. Kwa baridi ya Njombe usiende na idadi ya siku alizoandika muuza mbegu, nenda na punje. Na mwambie mwenye mashine anoe visu, vipande viwe sm 1 mpaka 2, vikiwa virefu hewa haitoki hata mkanyage vipi.

Shamba_Letu
Mkuu weka molasesi ndoo kadhaa na urea kidogo inaongeza protini, wengi tunafanya hivyo na shimo chimba kubwa moja mita 3 kwa 3 umalize kazi.

DaktariMifugo_Iringa
Samahani mkuu Shamba_Letu hapo sikubaliani. Mahindi yaliyokatwa kwa wakati yana sukari ya kutosha kuchachuka yenyewe, molasesi tunza kwa ajili ya saileji ya matete ambayo sukari yake ni kidogo. Urea kwa mtu ambaye hana mizani na hajawahi kuchanganya namkataza kabisa, ikikusanyika sehemu moja ng'ombe anakufa ndani ya masaa, na ndama hawatakiwi kuiona. Protini ya saileji ya mahindi kweli ni ndogo, asilimia 7 mpaka 9 hivi, na ng'ombe anayekamuliwa vizuri anahitaji kama 15, lakini hiyo unaijazia kwenye hori kwa mashudu ya alizeti, majani ya mikunde ya malisho kama lukina au desmodiamu.

Kwenye shimo sikiliza vizuri MfugajiNjombe. Ukubwa wa shimo unaamuliwa na ng'ombe wanakula kiasi gani kwa siku. Ukishafungua, uso wa saileji unatakiwa ukatwe si chini ya sm 10 kila siku, ukienda polepole zaidi hewa inaingia ndani, inapata joto, inaota ukungu. Shimo la kukanyaga kwa miguu meta moja ya ujazo inabeba kama kilo 500. Kwa kilo 80 zako, shimo la upana wa mita 3 na kina mita 3 ungekata chini ya sm 2 kwa siku, yaani ungekuwa unalisha ukungu msimu mzima. Chimba mawili membamba, upana mita 1.2, kina mita 1, urefu mita 12 kila moja, hapo utakata kama sm 13 kwa siku na la pili linabaki limefungwa mpaka la kwanza liishe. Pasipo na mteremko mzuri tumia mifuko mirefu ya nailoni, ila panya uwakabili.

Jaza tabaka la sm 15, kanyageni, viringisha pipa lenye maji, ndo uweke lingine. Funika nailoni, juu udongo, na mfereji wa maji pembeni. Acha wiki 4 mpaka 6. Nzuri ina rangi ya kijani-njano na harufu ya kuchachuka inayokaribia siki. Yenye ukungu usimpe mnyama yeyote, sumukuvu inapita mpaka kwenye maziwa wanayokunywa watoto wako, na ng'ombe wenye mimba wanaweza kutupa. Anza na kilo 5 uongeze taratibu kwa wiki mbili, na lisha baada ya kukamua maana harufu inaingia kwenye maziwa.

MfugajiNjombe
Mama shikamoo, na wengine wote asanteni sana, nimeshaongea na mnunuzi kakubali nusu heka. Dokta swali la mwisho, mvua huku bado zinapiga mchana, ikitukuta katikati ya kazi tufanyeje?

DaktariMifugo_Iringa
Anzeni alfajiri na msikate shambani zaidi ya mnachoweza kukanyaga siku hiyohiyo. Wingu likija simamisheni mashine, kanyageni kilichomo, funikeni na nailoni iliyobanwa pande zote, kesho endeleeni juu yake. Kilicholala nje kimekatwakatwa usiku kucha kisiingie shimoni, wapeni ng'ombe asubuhi.

Kulwa_wa_Ngano
Na uwe na watu wa kutosha kwenye shimo kuliko shambani, mashine siku zote inawashinda wakanyagaji.