"5W-40 ni 5W-40 tu": kauli iliyoua turbo ya gari langu

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Turbo ya gari langu, yaani kifaa kinachotumia moshi wa injini kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, imekufa, na fundi aliyelibadilishia oili mara tatu mfululizo ananiambia kosa ni langu kwa kuwa "nalikimbiza mno". Gari hili liliundwa likimbie! Kama oili aliyoimimina haistahimili joto la mwendo huo, basi aliyeichagua ndiye wa kuulizwa.

Kitabu cha gari kinataja mambo mawili kuhusu oili kwa maandishi ya wazi: uzito wa 5W-40, na namba ya kibali cha kiwanda kilicholitengeneza. Fundi alisoma la kwanza, la pili akaliruka, na nilipomhoji akanijibu kwamba 5W-40 ni 5W-40 tu. Si kweli hata kidogo. Namba hizo hueleza mnato, yaani uzito wa oili katika kutiririka: 5W ni namna oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, na 40 ni mnato wake ikishafika nyuzi joto 100 za Selsiasi. Hazikuambii oili imetengenezwa kwa malighafi gani, ina viambata (kemikali za kuongezwa) gani, wala itavumilia joto kwa muda gani kabla ya kugeuka masizi.

Na turbo ndiyo mahali pa kutofanyia mzaha katika jambo hilo. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi, huku upande wake mmoja ukipigwa na moshi ambao katika injini ya petroli inayokamuliwa nguvu unaweza kupita nyuzi 900. Ukizima injini, pampu ya oili husimama papo hapo, lakini joto huendelea kutambaa kutoka kwenye turbini, gurudumu linalozungushwa na moshi, hadi kwenye beringi, na oili iliyobaki humo huungua ikagandamana. Bomba la kupeleka oili kwenye turbo yangu lilipofunguliwa, nililikuta limezibwa na masizi magumu, limebaki tundu la kupitisha sindano. Nasema haya nikiwa mtu ambaye, baada ya safari ya kasi, huiacha injini iungurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima.

Kilichoniudhi zaidi ni kopo lenyewe. Kwa mbele limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba linafaa kwa magari ya turbo. Kwa nyuma, daraja lake la ubora ni SL la API, Taasisi ya Petroli ya Marekani, lililoanza mwaka 2001. Injini yangu hupuliziwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na injini za aina hiyo, zikibebeshwa mzigo mkubwa zikiwa na mzunguko mdogo, huweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche ya plagi, kwa kishindo kinachoweza kuvunja pistoni. Viambata vyenye kalsiamu nyingi huongeza hatari hiyo, ndiyo maana madaraja mapya ya API, SN Plus ya mwaka 2018 na SP ya mwaka 2020, yakaweka kipimo cha huko kuwaka mapema. Kopo hilo halikuwa hata na namba moja ya kibali, na hata lingeandikwa "inakidhi matakwa" ya kiwanda, hayo ni maneno ya muuzaji. "Imeidhinishwa" maana yake kiwanda chenyewe kimeikubali.

Sasa gereji hiyo hiyo inanishauri nihamie 20W-50 "ili turbo mpya ikae ndani ya oili nzito", yaani oili itakayochelewa kufika kwenye beringi kila ninapowasha injini ya baridi.

Nimewaandikia wanilipe gharama ya turbo na bomba lake. Hadi watakaponijibu, hakuna oili itakayoingia kwenye injini hii isipokuwa kopo limefunguliwa mbele ya macho yangu, likiwa na namba ile ile ya kibali iliyo kitabuni.